Nahodha Aliyesugua Benchi

Zambia ndio walioanza kufunga. Ilikuwa dakika ya nne tu ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Aprili 10, 1994, kwenye Uwanja wa El Menzah jijini Tunis, Elijah Litana alipozitikisa nyavu za Nigeria. Karibu kila Mwafrika asiyekuwa Mnaijeria aliruka juu kwa furaha. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu ndege ya jeshi iliyowabeba Wazambia ianguke baharini karibu na Libreville na kuua wachezaji 18, na timu iliyosimama uwanjani siku ile ilikuwa imeundwa upya kutoka kwenye msiba. Lakini Emmanuel Amunike hakuwa na muda wa kumlilia mtu. Alisawazisha dakika iliyofuata, na mara tu baada ya mapumziko akaongeza la pili. Mechi ikaisha 2–1.

Kombe lilipotolewa, lilikwenda mikononi mwa mtu ambaye hakuwamo kwenye kikosi kilichoanza. Stephen Keshi, beki wa kati, alikuwa na umri wa miaka 32 na magoti yaliyokwishachoka. Kocha Clemens Westerhof, Mholanzi, alikuwa na vijana wenye mbio kumzidi, naye nahodha akabaki kusugua benchi. Hata hivyo hakuna mchezaji aliyeshangaa kuona kombe linapita kwa Rashidi Yekini aliyemaliza mashindano akiwa mfungaji bora, linampita Amunike mwenye mabao mawili ya fainali, linamfikia Keshi. Kitambaa kilikuwa chake, acheze asicheze.

Maisha yake husimuliwa kama vitabu viwili: cha kwanza mchezaji, cha pili kocha. Mimi naona kitabu kimoja. Keshi alikuwa nahodha akiwa na jezi, na alipoivua na kuvaa suti akabaki nahodha. Nahodha ni mtu wa katikati. Wachezaji wanamtuma kwa wakubwa kudai posho, wakubwa wanamtuma kwa wachezaji kuwatuliza, na mambo yakiharibika kila upande unamwona ni wa upande wa pili. Ukiitazama kazi yake kwa jicho hilo, mafanikio yake na kutimuliwa kwake mara kwa mara havipingani tena.

Alizaliwa Januari 23, 1962 mjini Azare, kaskazini mwa Nigeria, ingawa kwao hasa ni Illah, karibu na Mto Niger, upande wa kusini. Alikulia Lagos na kusoma Chuo cha St. Finbarr's kilichopo Akoka, shule ya Kikatoliki ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa wanasoka kuliko vilabu vingi vya ligi. Henry Nwosu na Samson Siasia walipita hapohapo. Machi 1980, Keshi akiwa kijana wa miaka 18, Nigeria ilifungua Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos kwa kuifunga Tanzania 3–1. Wazee wetu bado wanaizungumzia safari ile ya Taifa Stars, nao Wanaijeria wanamzungumzia nahodha wao Christian Chukwu aliyelibeba kombe mwisho wa mashindano. Kitambaa cha Chukwu ndicho ambacho miaka michache baadaye kilimfikia Keshi.

Klabu yake ya kwanza kubwa ilikuwa ACB ya Lagos, kisha akahamia New Nigeria Bank ya Benin City, timu ya benki iliyotwaa Kombe la Afrika Magharibi mwaka 1983 na kulirudia 1984. Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Mwaka 1985 chama cha soka cha Nigeria kilimfungia, yeye na wenzake kadhaa wa klabu hiyo, kwa kosa la kuchelewa kuripoti kwenye kambi ya timu ya taifa. Wachezaji wengi wa wakati huo wangeomba radhi, wangetuma wazee, wangesubiri adhabu iishe. Keshi alifungasha virago akaenda Abidjan.

Alichezea Stade d'Abidjan, akahamia Africa Sports, na mwaka 1986 akatua Lokeren nchini Ubelgiji. Mwaka mmoja baadaye Anderlecht wakamchukua. Adhabu iliyokusudiwa kumkomoa ikawa imemfungulia mlango wa Ulaya, wakati ambapo mchezaji wa Nigeria kucheza klabu kubwa ya Ulaya lilikuwa jambo la nadra sana.

Pale Brussels alikaa miaka minne. Alitwaa Kombe la Ubelgiji mara mbili, 1988 na 1989, na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Mei 1990 alikuwa katika timu ya Anderlecht iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya mjini Göteborg, wakafungwa 2–0 na Sampdoria katika muda wa nyongeza, mabao yote mawili ya Gianluca Vialli. Alipoondoka alikwenda Strasbourg, akawemo katika kikosi kilichoirejesha klabu hiyo daraja la kwanza Ufaransa mwaka 1992.

Lakini orodha ya makombe si sababu ya Wanaijeria kumwita Big Boss. Baada yake walimiminika Ubelgiji vijana wengine: Daniel Amokachi kwenda Club Brugge, Victor Ikpeba na Sunday Oliseh kwenda Liège. Wengi wao wamesimulia kwa miaka mingi kwamba Keshi alikuwa mtu wa kumpigia simu, mtu wa kukuonyesha duka linalouza chakula unachokijua, mtu wa kukwambia mkataba huu usisaini. Kijana wa miaka 17 aliyetua kwenye baridi ya Januari bila lugha na bila ndugu alihitaji kaka kuliko wakala. Keshi akawa kaka, na kaka wa Kiafrika anapokusaidia anatarajia umsikilize maisha yako yote. Jambo hili litakuja kuwa na maana miaka ishirini baadaye, wachezaji wanaomkabili watakapokuwa vijana ambao hakuwapokea uwanja wa ndege.

Kwenye timu ya taifa kombe lilimkimbia muda mrefu. Nigeria ilifika fainali ya 1984 mjini Abidjan ikafungwa 3–1 na Kameruni. Ikafika tena 1988 kule Casablanca, Kameruni hao hao, safari hii 1–0 kwa penalti ya Emmanuel Kundé. Kombe la Dunia la 1990 waliliona kwenye televisheni. Ilikuwa lazima wasubiri mpaka Oktoba 1993, sare ya 1–1 mjini Algiers, ndipo Nigeria ilipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kisha ikaja Tunis. Halafu Marekani 1994, ambako Keshi alicheza mechi moja tu, ile ya Ugiriki iliyoisha 2–0, na huo ukawa mwisho wake na jezi ya kijani.

Aliendelea kucheza kidogo California, akamalizia Malaysia na klabu ya Perlis. Amerika ndiko alikosomea ukocha. Mwanzo wa kazi yake mpya haukuwa wa kumtisha mtu. Mwaka 2001 alishindwa kuipeleka timu ya vijana ya Nigeria kwenye Kombe la Dunia. Kwenye timu ya wakubwa alikuwa msaidizi wa Shaibu Amodu, na hapa inabidi tusimame, kwa sababu kisa cha Amodu ndicho kitakachojirudia kwa Keshi.

Amodu aliipokea Nigeria ikiwa hoi katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2002, akaivusha. Mapema mwaka huo timu ikashika nafasi ya tatu kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali. Nafasi ya tatu ilionekana aibu. Benchi lote la ufundi likafagiliwa, Keshi akiwemo, na timu ikaenda Japani na Korea na kocha mwingine. Miaka minane baadaye Amodu aliivusha tena Nigeria kwenda Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akashika tena nafasi ya tatu Afrika, na kibarua chake kikaota nyasi kwa mara nyingine. Safari hii aliyepewa timu alikuwa Lars Lagerbäck kutoka Uswidi.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kwenda Abuja kuutafuta mfano. Hemed Suleiman, maarufu Morocco, aliiongoza Taifa Stars kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, na wiki chache kabla ya mashindano akakaa pembeni, timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina. Kila shirikisho lina sababu zake, na mara nyingine sababu hizo ni nzuri. Ila ukiziweka sababu zote pamoja, za Abuja, Lomé, Bamako na Dar, utaona kocha mzawa huajiriwa kuivusha timu mto, na wakishafika ng'ambo hutafutwa mtu wa kutembea nayo sokoni.

Lomé ndiko Keshi alikojulikana. Mwaka 2004 aliichukua Togo, nchi ndogo isiyowahi kucheza Kombe la Dunia, iliyopangwa kundi moja na Senegal, timu iliyotoka kufika robo fainali ya dunia mwaka 2002. Kulikuwa pia na Zambia, Kongo, Mali na Liberia. Togo iliifunga Senegal 3–1 nyumbani na kutoka nayo sare ya 2–2 mjini Dakar. Emmanuel Adebayor, kijana mrefu wa miaka ishirini na ushei, alifunga mabao 11 katika mchujo huo. Oktoba 8, 2005 walikwenda Brazzaville, wakashinda 3–2. Togo ilikuwa inakwenda Ujerumani, na Senegal inabaki nyumbani.

Miezi mitatu baadaye ikaja Misri, Kombe la Mataifa ya Afrika la 2006, na hapo nahodha wa zamani akakutana na nyota wa sasa. Keshi na Adebayor walivutana hadharani. Togo ikafungwa mechi zote tatu, ya kwanza na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa 2–0, ya pili na Kameruni kwa idadi ileile, ya tatu na Angola 3–2. Ninavyoona, Keshi alikosea namna ya kumchukulia Adebayor. Alimchukulia kama mdogo wake wa Ubelgiji, anayepaswa kunyamaza kaka anapozungumza. Adebayor alikuwa anahamia Arsenal. Hakuwa na deni kwa mtu.

Shirikisho la Togo lilimwondoa Keshi na kumpa Otto Pfister, Mjerumani, tiketi ya kwenda kwao. Kilichofuata kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa cha kusikitisha. Wachezaji waligoma kwa ajili ya posho. Pfister alibwaga manyanga siku chache kabla ya mechi ya kwanza, kisha akarudi. Togo ilifungwa na Korea Kusini, na Uswisi, na Ufaransa. Aliyejua kuzungumza na wachezaji juu ya posho, kwa kuwa aliwahi kuzidai mwenyewe, hakuwapo.

Mali walimwajiri mwaka 2008. Mechi moja inatosha kuieleza kazi yake kule. Januari 10, 2010, ufunguzi wa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Luanda, Angola ilikuwa inaongoza 4–0 na saa ya uwanjani imeshapita dakika ya 75. Mashabiki wa nyumbani walikuwa wanacheza. Dakika ya 79 Seydou Keita akafunga moja. Dakika ya 88 Frédéric Kanouté akafunga la pili. Dakika za majeruhi zikaanza, Keita akaongeza, na kabla Waangola hawajajua kinachowapata Mustapha Yatabaré akasawazisha. Nne kwa nne. Mali hata hivyo haikuvuka makundi. Ilimaliza na pointi 4 sawa na Algeria, na kwa kuwa Algeria ilikuwa imewafunga 1–0, Algeria ikapita. Keshi akafukuzwa. Sare ya Luanda inakumbukwa na kila mtu, lakini haikumlipia hata mwezi mmoja wa ziada.

Novemba 2011 Nigeria ikamwita nyumbani. Super Eagles, timu ya taifa, chini ya Siasia, aliyepita pia St. Finbarr's, walikuwa wameshindwa kufuzu mashindano ya 2012. Mechi ya kwanza ya ushindani ya Keshi ilichezwa Kigali, Februari 29, 2012, na Amavubi wa Rwanda wakawakazia mpaka mwisho, 0–0. Vyombo vya habari vya Lagos havikufurahi. Marudiano Calabar yaliisha 2–0, baadaye Liberia ikafungwa 6–1, na Nigeria ikapata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Afrika Kusini.

Kikosi alichokitaja ndicho kilichoanzisha ugomvi. Aliwaacha Obafemi Martins na Peter Odemwingie, majina yaliyozoeleka Ulaya, akawachukua vijana wa ligi ya nyumbani ambao mashabiki wengi hawakuwa wamewahi kuwaona kwenye televisheni. Odemwingie alilalamika mtandaoni mbele ya dunia nzima. Godfrey Oboabona wa Sunshine Stars alipangwa beki ya kati pamoja na Kenneth Omeruo, kijana wa miaka 19 aliyekuwa anacheza kwa mkopo Uholanzi. Joseph Yobo, nahodha, beki mwenye uzoefu kuliko wote, aliwekwa benchi.

Rudi nyuma kidogo ulione hilo sawasawa. Kocha aliyekuwa nahodha kwenye benchi la Tunis anamweka nahodha wake benchi. Yeye alijua mtu anajisikiaje pale, anajua pia kwamba timu inaweza kubeba ndoo hivyohivyo. Westerhof angeweza kumwambia Yobo kwamba maslahi ya timu kwanza. Keshi aliweza kumwambia kwamba yamemkuta.

Mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Sare ya 1–1 na Burkina Faso, waliosawazisha dakika za majeruhi. Sare nyingine ya 1–1 na Zambia, mabingwa watetezi, ambao kipa wao Kennedy Mweene ndiye aliyepiga penalti ya kusawazisha. Ethiopia wakafungwa 2–0 kwa penalti mbili za Victor Moses, zote za kipindi cha pili, tena mwishoni. Robo fainali ilikuwa na Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré, na hakuna aliyewapa Wanaijeria nafasi. Keshi mwenyewe alieleza baadaye kwamba hata ndani ya msafara wake wapo waliokuwa wameshamkatia tamaa. Wachezaji wake hawakuwa wamepewa taarifa hiyo. Emmanuel Emenike alipiga mpira wa adhabu kutoka mbali mpaka nyavuni, Cheick Tioté akasawazisha, na dakika ya 78 Sunday Mba, kiungo wa Enugu Rangers, alikimbia na mpira peke yake kuelekea lango na kupiga. Ukamgonga beki, ukampita kipa. 2–1. Nusu fainali Mali, waajiri wake wa zamani, wakala nne.

Fainali ilichezwa Februari 10, 2013 jijini Johannesburg dhidi ya Burkina Faso. Dakika ya 40 mpira uliozuiwa ulimwangukia Mba pembeni mwa eneo la hatari. Aliunyanyua juu ya beki kwa mguso mmoja, akazunguka, na kabla haujagusa nyasi akaupiga kwenda kona ya mbali. Ni bao ambalo mtu angelipiga chandimu mtaani akapigiwa kelele kwa kujionyesha. Lilitosha. Zikiwa zimebaki dakika chache Keshi alimgeukia Yobo akamwambia avue koti. Nahodha aliingia uwanjani, filimbi ikapulizwa akiwa ndani, na kombe akalinyanyua akiwa amechafua viatu.

Kabla ya hapo ni mtu mmoja tu, Mahmoud El-Gohary wa Misri, aliyekuwa amelitwaa kombe hilo akiwa mchezaji, mwaka 1959, na tena akiwa kocha, mwaka 1998. Keshi akawa wa pili. Kesho yake alitangaza redioni kwamba anajiuzulu.

Alirudishwa baada ya kubembelezwa, lakini tangazo lile lilikuwa limeshasema kila kitu. Mwaka ule mshahara wake ulipigwa danadana kwa miezi. Juni, Super Eagles walipita Nairobi na kuifunga Harambee Stars 1–0 pale Kasarani kwa bao la Ahmed Musa, kisasi cha mechi ya Calabar ambako Francis Kahata aliwatangulia Wanaijeria kwa mpira wa adhabu na wakaokolewa na bao la dakika za majeruhi. Kutoka Nairobi wakaenda Windhoek, na baada ya sare ya 1–1 na Namibia wachezaji wakakataa kupanda ndege kwenda Brazil kwenye Kombe la Mabara mpaka suala la posho limalizwe. Bingwa wa Afrika alifika Brazil kwa kuchelewa, akaifunga Tahiti 6–1 na kutolewa mapema. Wakubwa walitaka Keshi awakemee vijana. Vijana walitaka awatetee. Aliyewahi kufungiwa kwa kuchelewa kambini alikuwa sasa anasimamia timu nzima iliyochelewa mashindano.

Kuhusu makocha wa Kizungu alikuwa hafichi. Alisema wazi kwamba mashirikisho ya Afrika huwapa wageni wa kawaida kabisa muda, mishahara na uvumilivu ambao mzawa hapewi hata robo. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na kazi yake ilikuwa ushahidi. Ila ulimi ulimponza. Septemba 2013 Tom Saintfiet, Mbelgiji aliyekuwa akiinoa Malawi, ambaye mashabiki wa Yanga wanamkumbuka kwa Kombe la Kagame la 2012, aliomba mechi iondolewe Calabar kwa hofu ya usalama. Keshi alimjibu kwa kuitaja rangi yake na kumtaka arudi kwao Ubelgiji. Malawi wakashtaki FIFA. Alikuwa amekosea, na alikuwa amekosea kwa namna ya ajabu kwa mtu aliyepata jina lake na sehemu kubwa ya maisha yake ya soka hukohuko Ubelgiji.

Kombe la Dunia la 2014 lilimkuta bado yupo kazini, jambo ambalo Amodu alilikosa mara mbili. Sare ya 0–0 na Iran ilizomewa. Mechi ya pili, Cuiabá, Nigeria iliifunga Bosnia 1–0, na aliyefunga alikuwa Odemwingie, yuleyule aliyemtema na kutukanana naye, aliyemrudisha bila kelele. Wakafungwa 3–2 na Argentina, Musa akijibu kila bao la Lionel Messi mpaka Marcos Rojo alipoliongeza la tatu, na bado wakavuka. Hakuna kocha Mwafrika aliyekuwa amewahi kuifikisha timu hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia kabla yake. Kabla ya mechi na Ufaransa wachezaji walisusa mazoezi kwa ajili ya fedha. Wakafungwa 2–0.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kwa kasi ya kuteremka. Septemba Kongo ya Brazzaville iliwafunga Calabar 3–2. Oktoba Sudan ikawafunga Khartoum. Keshi alifukuzwa, akarudishwa ndani ya wiki chache kwa shinikizo la Ikulu, akaifunga Kongo kwao, akatoka sare ya 2–2 na Afrika Kusini mjini Uyo, na bingwa mtetezi akakosa mashindano ya 2015. Aprili 2015 alimwaga wino mkataba wa miaka miwili. Julai akafukuzwa tena. Nafasi yake alipewa Oliseh, mmoja wa wale vijana waliopita Ubelgiji baada yake, naye akaiacha Februari 2016 akilalamikia, pamoja na mengine, fedha asizolipwa.

Desemba 2015 mke wa Keshi, Kate, alifariki baada ya kuugua saratani kwa miaka mitatu, miaka ileile ya kombe, migomo na barua za kufukuzwa. Ndugu walisema hakutoka kwenye huzuni hiyo. Mapema Juni 2016, akiwa Benin City, alizidiwa ghafla na kufariki kabla hajapata matibabu. Alikuwa na miaka 54. Siku chache baadaye, mjini humohumo, Shaibu Amodu alilala na hakuamka. Nigeria ilikuwa imewapoteza makocha wake wawili walioivusha kwenda Kombe la Dunia mara tatu, na ambao kati yao walikuwa wamefukuzwa mara nyingi kuliko hizo.

Keshi alizikwa Illah mwishoni mwa Julai. Uwanja wa Asaba, makao makuu ya jimbo lake la Delta, umepewa jina lake, na mwaka 2018 ndio uliopokea mashindano ya riadha ya Afrika. Timu ya taifa alipewa Gernot Rohr, Mjerumani, Agosti 2016. Alitolewa hatua ya makundi Urusi 2018, akashika nafasi ya tatu Afrika mwaka 2019, ileile nafasi ya tatu iliyomng'oa Amodu mara mbili, na akaendelea na kazi mpaka Desemba 2021. Hakuna kocha aliyewahi kukaa na Super Eagles mfululizo muda mrefu hivyo.

Januari 2025, baada ya Mjerumani mwingine kukubali kazi na kuikataa ndani ya siku chache, Nigeria ilimwajiri Éric Chelle, beki wa kati wa zamani wa Mali na kocha wa zamani wa timu hiyo, Mwafrika wa kwanza asiye Mnaijeria kupewa benchi lile. Novemba mwaka huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliwatoa kwa penalti mjini Rabat, na Kombe la Dunia la 2026 likawapita. Mwezi uliofuata Super Eagles walikwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, na Chelle ndiye aliyekuwa bado amekaa benchi.